MTOTO HUFUNDISHWA KUTAFUNA

Somo letu la leo linahusu mtoto na chakula kigumu. Watu wengi husema, "Meno yakiota, atatafuna mwenyewe." Sisi tunasema sivyo. Mtoto huzaliwa akijua kunyonya. Kutafuna hajui. Anajifunza polepole, kama anavyojifunza kukaa na kutembea. Na anapojifunza anaweza kupaliwa. Kupaliwa kunaweza kumwua mtoto kwa dakika chache tu. Kwa hiyo tusome somo hili kwa makini.

Tuchukue mfano

Tuchukue mfano wa nyumba moja pale Nyegina, Musoma Vijijini. Mama ana mtoto wa miezi 9. Asubuhi mama ameenda mwaloni kununua dagaa. Bibi yuko jikoni. Mtoto yuko barazani, juu ya mkeka, pamoja na dada yake wa miaka 7. Dada anakula karanga za kukaanga. Mdogo wake ananyoosha mkono anataka. Dada anamwonea huruma, anampa karanga moja.

Mtoto anacheka. Mara anakuwa kimya. Halii wala hakohoi. Midomo inabadilika rangi. Dada anapiga kelele, "Bibi! Bibi!" Bibi anatoka mbio. Bahati nzuri bibi alifundishwa la kufanya siku ya kliniki. Anamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, anampiga mgongoni. Pigo la nne, karanga inatoka. Mtoto analia kwa nguvu.

Mama anaporudi anauliza, "Mama, kumetokea nini hapa?"

"Mwanangu, leo tulikuwa tunampoteza mtoto. Amepaliwa na karanga."

"Nani kampa?"

"Usimgombeze binti yako. Kampa kwa mapenzi. Nani alimwambia kwamba karanga ni hatari? Mimi sikumwambia. Na wewe hukumwambia."

Ndugu msomaji, bibi huyu amesema kweli. Katika vijiji vyetu mtoto mdogo halelewi na mama peke yake. Yuko bibi, yuko shangazi, wako kaka na dada. Kama mama peke yake ndiye anajua, mtoto bado yuko hatarini. Mafunzo haya ni ya nyumba nzima.

Tuanze lini?

Mpaka atimize miezi 6, mtoto anatosheka na maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji. Akifika miezi 6 maziwa peke yake hayatoshi tena. Huo ndio wakati wa kuanza chakula. Mtazame: je, anaweza kukaa ukimshikilia kidogo? Je, shingo imekaza? Je, akiwaona mnakula anafungua mdomo?

Siku za kwanza ulimi wake utasukuma chakula nje. Usiseme, "Amekataa." Ulimi wake umezoea kunyonya, haujajua kurudisha chakula nyuma. Jaribu tena kesho na keshokutwa. Chakula kipya huenda akakizoea baada ya kukionja mara nyingi.

Hatua kwa hatua

Miezi 6: Mpe chakula kilichopondwa mpaka kikawa laini kabisa. Boga, kiazi kitamu, ndizi au parachichi vinafaa. Chakula kiwe kizito, kikae kijikoni bila kumwagika. Anza na vijiko 2 au 3, halafu ongeza kidogo kidogo. Uji mwepesi kama maji hunyweka tu, haumfundishi kutafuna, wala haumshibishi.

Miezi 7 mpaka 8: Usiponde sana. Acha vibonge vidogo laini. Twanga dagaa safi wakavu wawe unga, uchanganye katika uji au viazi. Minofu ya sato ichambue kwa vidole vyako mpaka uhakikishe hakuna mwiba hata mmoja.

Miezi 8 mpaka 9: Mpe kitu laini akishike mwenyewe. Kipande cha ndizi mbivu au kiazi kilichochemshwa kinafaa. Atakichafua, atakiangusha. Muache, huko ndiko kujifunza. Nawa mikono yako, na yake pia, kwa sabuni.

Miezi 9 mpaka 11: Kata chakula laini vipande vidogo vidogo. Tonge la ugali liwe dogo sana, lilowe mchuzi, maana ugali mkavu hunata kooni.

Mwaka 1: Sasa anaweza kula chakula cha nyumbani, lakini bado kikatwe kidogo na kilainishwe. Endelea kumnyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi.

Usiseme, "Hana meno, tungoje." Fizi za mtoto zina nguvu, zinaponda chakula laini. Magego huchelewa, mara nyingi huota baada ya mwaka 1. Mtoto aliyepewa uji mtupu mpaka mwaka upite huweza kupata taabu kuzoea vyakula vyenye vibonge. Kila akipewa, anatema.

Njia ya kupima ni hii. Weka kipande cha chakula kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kibonyeze. Kikipondeka kirahisi, fizi zake zitakiweza. Kisipopondeka, usimpe.

Vyakula vya hatari

Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, bisi, mahindi ya kuchoma, muwa, pipi, karoti mbichi, vipande vya nyama ngumu, wala samaki mwenye miiba. Matunda yenye kokwa yatolewe kokwa kwanza. Njia yake ya hewa ni nyembamba, na vitu hivi huiziba. Karanga si mbaya. Ni chakula kizuri sana zikisagwa laini na kupikwa ndani ya uji au mboga. Kinachoua ni kumpa nzima.

Wako pia wazee wetu wanaomtafunia mtoto kisha kumtia mdomoni. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini mate hubeba magonjwa, na mtoto mwenyewe hapati nafasi ya kutafuna. Bibi, chukua kijiko na bakuli, umpondee.

Kaa naye

Mtoto ale akiwa amekaa wima. Asile amelala, anatambaa, anakimbia au yuko mgongoni. Asile akiwa analia. Kaa mbele yake, mtazame, zungumza naye. Tafuna wewe mwenyewe aone, maana mtoto huiga. Ngoja ameze ndipo umpe kijiko kingine. Usimshike mikono na kummiminia uji kwa nguvu. Uji huo unaweza kuingia kwenye mapafu. Akigeuza uso, ameshiba.

Akipaliwa

Kwanza tofautisha mambo mawili. Mtoto anayekohoa, anayelia au anayetaka kutapika, bado anapata hewa. Usimpige. Muache akohoe, ukae karibu naye. Lakini mtoto asiyeweza kulia, kukohoa wala kupumua, amezibwa. Ita msaada, na kama ana umri chini ya mwaka 1 fanya hivi mara moja:

1. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua. Shikilia taya lake, usimkabe koo.

2. Mpige mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja.

3. Kama kitu hakijatoka, mgeuze chali, kichwa bado kiwe chini. Mbonyeze katikati ya kifua mara 5, kwa vidole viwili au kitako cha kiganja kimoja. Usimbonyeze tumbo.

4. Rudia, mgongo mara 5 na kifua mara 5, mpaka kitu kitoke.

Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi. Ukikiona mdomoni, kitoe. Usimpe maji. Usimning'inize kwa miguu. Akizimia, mlaze chali mahali pagumu, endelea kumbonyeza kifua, na kama umefundishwa mpulizie pumzi, huku wenzako wakitafuta usafiri.

Hata kitu kikitoka, mpeleke zahanati akaangaliwe. Kipande cha karanga kinaweza kubaki kwenye mapafu. Ukisikia kikohozi kisichoisha au kifua kinapiga mluzi, mweleze mganga kwamba mtoto alipaliwa.

Tufanye nini sasa?

Mwaka 1975 wazee wetu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatenda. Nasi tufanye hivyo hivyo. Leo jioni, kabla ya kulala, wasomee watoto wako wakubwa sehemu ya vyakula vya hatari. Kisha chukua mto au nguo iliyokunjwa, muonyeshe kila mmoja jinsi ya kumlaza mtoto na kumpiga mgongoni. Msifanye mazoezi ya kupiga kwa mtoto mzima. Siku ya kliniki, mwombe mhudumu akuonyeshe tena.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumbani kwako, nani hukaa na mtoto wakati mama yuko shamba au mwaloni? Je, anajua vyakula vya hatari?

2. Utajuaje kwamba kipande cha chakula ni laini vya kutosha?

3. Kuna tofauti gani kati ya mtoto anayekohoa na mtoto aliyezibwa?

4. Taja vyakula vitatu vya hapa kwetu ambavyo mtoto wa miezi 9 anaweza kushika na kula mwenyewe.