Mtoto Hapimwi kwa Kipimo cha Baba Yake

Binti ametimiza miaka 10. Ana kilo 26 na urefu wa mita 1.30. Zidisha 1.30 kwa 1.30, unapata 1.69, kisha gawa 26 kwa 1.69. Jibu ni 15.4. Huo ndio uwiano wa uzito na urefu, ambao wengi tunauita BMI.

Baba yake anakumbuka alivyoambiwa hospitali: aliye chini ya 18.5 ni mkondefu. Akimpima binti yake kwa namba hiyo, atakosa usingizi bure. Hiyo ni ya watu wazima. Mtoto hunenepa akiwa mchanga, hujinyoosha na kupungua hadi karibu miaka 5 au 6, kisha huanza kujaza mwili tena. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya walio chini ya miaka 5 mwaka 2006, na vya miaka 5 hadi 19 mwaka 2007, kila umri na jinsi kwa namba zake. Msichana wa miaka 10 ni mkondefu akiwa chini ya 13.5, na uzito umezidi akipita 19.0. Kwa mvulana ni 13.7 na 18.5. Binti yetu yuko salama. Lakini dada yake wa miaka 15 akipata hiyohiyo 15.4, huyo amekonda: mpaka wake ni 15.9.

Umri, basi, ndio mzizi wa hesabu yote. "Alizaliwa mwaka ule wa mvua nyingi" haitoshi. Tafuta kadi ya kliniki, hata kama panya wameitafuna pembeni.

Asubuhi za Tarime zina baridi, na watoto hupimwa na masweta na viatu. Vua vyote. Urefu upimwe mtoto akiwa wima, visigino vimegusa ukuta, anatazama mbele. Ukikosea sentimita tatu, jibu linahama.

Kuna jambo ambalo uwiano huu hauoni. Mvulana wa miaka 10 mwenye kilo 23 na mita 1.22 anapata 15.5, namba nzuri kabisa. Hata hivyo ni mfupi kuliko mpaka wa umri wake, mita 1.25. Amedumaa. Tumezoea kusema "ukoo wao ni wafupi", na mara nyingi tunausingizia ukoo. Shibe ya ugali wa muhogo peke yake haimrefushi mtoto. Anahitaji dagaa, maharage, maziwa, karanga na mboga za majani, hasa kabla hajafikisha miaka 2. Nyumba nyingi za Tarime na Serengeti zina ng'ombe. Maziwa yasiishie yote sokoni.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kupimwa mkono kwa utepe wa rangi, unaotumiwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali: mpeleke kituoni.

Na kabla ya mizani yoyote, tazama miguu. Mtoto aliyevimba kwa utapiamlo huongezewa kilo na maji, na namba yake ikapendeza. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba huku ukihesabu sekunde tatu. Vishimo vikibaki, acha hesabu. Nendeni zahanati siku hiyohiyo.