MABAKA MEUSI YA NGOZI NA VIRUSI VYA UKIMWI



Mzee mmoja wa mtaa wetu aliacha kuja kwenye bomba la maji. Miguuni alikuwa na mabaka meusi, magumu, na watu walikwisha kumhukumu: huyu ana SIDA. Wengine walisema amekanyaga dawa ya mchawi. Amenipa ruhusa kuandika haya bila jina lake. Alipimwa damu, hakuwa na virusi vya UKIMWI. Lakini ugonjwa alikuwa nao kweli, nao unaitwa kansa ya Kaposi.

Jina hilo linatokana na daktari Moritz Kaposi, aliyeueleza ugonjwa huu mjini Vienna mwaka 1872. Kwetu pia ni wa zamani. Kabla UKIMWI haujajulikana mwaka 1981, madaktari waliuona mara nyingi mashariki ya Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda, na mwaka 1961 walikutana Kampala kuujadili. Wakati huo uliwapata hasa wanaume watu wazima, ukakaa miguuni miaka mingi ukienda polepole. Ndio alio nao mzee wetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mambo yalibadilika. Huko Lusaka, Zambia, daktari mpasuaji Anne Bayley aliona wagonjwa ambao kansa hiyo ilikuwa kali na kuenea upesi. Aliandika habari zake mwaka 1984. Baadaye wanawake na vijana nao waliugua kwa wingi, na wengi wao walikuwa na virusi vya UKIMWI.

Sababu ilieleweka mwaka 1994, Yuan Chang na Patrick Moore walipogundua huko Marekani kirusi kingine ndani ya mabaka hayo. Si kile cha UKIMWI. Hiki hupita zaidi kwa mate, na katika nchi zetu wengi hukipata utotoni, nyumbani. Fikirini sungusungu wetu wa usiku. Mwizi anaweza kuishi mtaani miaka yote asiibe, kwa kuwa anaogopa doria. Virusi vya UKIMWI huwamaliza hao sungusungu wa mwili, ndipo mwizi anatoka.

Kwa hiyo baka peke yake halithibitishi UKIMWI. Lakini siku hizi, katika Afrika, wengi wenye kansa hii wana virusi hivyo, basi kila mwenye mabaka apimwe damu. Hata mzee. Hata mke wa mchungaji.

Kwenye ngozi yetu baka huwa jeusi, la kahawia au la zambarau iliyokolea. Kwa kawaida haliwashi wala haliumi mwanzoni, ndiyo maana watu hulipuuza. Tazameni pia ndani ya kinywa, juu kwenye kaakaa. Mguu unaweza kuvimba na kuwa mgumu. Likifika mapafuni mtu hukohoa, pengine damu, akadhaniwa ana kifua kikuu. Daktari huhakikisha kwa kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipima kwa darubini.

Mwenye virusi vya UKIMWI huanzishiwa dawa za ARV. Kwa baadhi ya watu mabaka hupungua kwa dawa hizo tu. Yakiwa yameenea, mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa kwa dawa za kansa.

Hapa nisikilizeni vizuri. Katika wiki za kwanza za ARV mabaka yanaweza kuongezeka, kwa sababu kinga inaamka na kupigana. Mama mmoja niliyekuwa nikimtembelea alitupa vidonge vyake chooni wiki ya tano, akisema vinamuua. Tulipomrudisha kwa daktari alikuwa hapumui vizuri. Usiache dawa, rudi zahanati siku hiyo hiyo. Tena usinunue prednisoloni sokoni: huweza kuizidisha kansa hii. Na wembe wa mganga juu ya baka huleta damu na kidonda.

Wengi wameniuliza kuhusu kikombe. Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa kikombe wala benchi. Kirusi hicho wengi wetu tunacho tayari.

Anayetaka kuonyesha baka lake bila kutazamwa na watu aseme na mhudumu wa afya wa mtaa wake, naye atamsindikiza zahanati. Mzee wetu nilimsindikiza mimi. Sasa anasubiri gari la rufaa, na vijana wawili wa jirani wanamtekea maji.