Uzi gani kwa lesi ya mafundo?

Wamama wa koperative Nyankunde, ubaya wa mbegu unaonekana wakati shamba limekwisha kupandwa. Uzi pia ni vile. Fundo la lesi ya naveti likikazwa, kulifungua ni shida: kazi na makuta vinapotea. Kabla ya kununua kwa soko ya Bunia:

1. Chagua pamba laini iliyosokotwa sana. Uzi wenye manyoya, kama wa sweta, hautelezi.
2. Angalia namba: 10 ni mnene, 80 ni mwembamba sana. Anayejifunza aanze na 10 au 20.
3. Vuta kipande kama unavyokaza fundo. Kikikatika, acha.
4. Uzi wa rangi, ulowanishe, uukamulie kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, usiuchanganye na mweupe.

Nunua wa kazi nzima mara moja. Kurudi Bunia juu ya uzi mmoja ni makuta mengine.