Bibi hajui kusoma. Je, ni mgonjwa?

Hebu fikiria bibi wa miaka 70, Shanghai, mwaka 1987. Anapewa kalamu achore pembetano mbili zilizoingiliana. Hajawahi kukaa darasani! Akishindwa, ni ubongo umeanza kudhoofika au ni shule aliyoikosa?

Watafiti waliopima kumbukumbu na akili za watu zaidi ya 5,000 mjini humo walitumia kipimo cha alama 30. Wakaweka mipaka tofauti: asiyesoma alitiliwa shaka akipata 17 au chini, wa shule ya msingi, 20, aliyevuka hapo, 24. Haki kabisa, au siyo?

Tena alama ndogo peke yake siyo ugonjwa, jamani. Daktari huwauliza na wa nyumbani: siku hizi bibi hupotea njia ya sokoni aliyoizoea?