Blanketi la Hewa na Ngitili za Shinyanga

Mchunga ng'ombe wa Shinyanga alalaye nje mwezi wa Julai ajua jambo ambalo wataalamu walichukua muda mrefu kulieleza. Usiku wa mbingu safi baridi huuma hata alfajiri. Usiku wa mawingu joto la mchana halituachi upesi. Jua limekwisha kuchwa siku zote mbili. Mbona basi hazifanani?

Sababu ni hii. Nuru ya jua hupenya hewani, huifikia ardhi na kuipasha moto. Ardhi nayo huurudisha moto ule juu, wala si kwa nuru ionekanayo. Ni joto tupu, kama lile usikialo usoni ukikaribia mwamba uliochomwa na jua mchana kutwa. Joto la namna hii halipenyi kwa wepesi kama nuru. Mawingu, mvuke wa maji na hewa ya ukaa hulinasa, kisha hulitawanya pande zote, na sehemu yake hurudi chini. Mwaka 1856 Eunice Foote wa Marekani alionyesha ya kuwa chupa yenye hewa ya ukaa, ikiwekwa juani, hupata moto kuliko chupa ya hewa ya kawaida; na mwaka 1859 John Tyndall, huko London, alipima jinsi hewa mbalimbali zinasavyo joto. Watu wa Ulaya hulifananisha jambo hili na nyumba ya vioo ya kuoteshea mimea. Mfano huo haufai sana, kwa maana nyumba ile hupata joto hasa kwa kuifungia hewa isitoke, na angani hapana ukuta. Blanketi ni mfano bora.

Blanketi hili si adui. Pasipo hilo, uso wa dunia ungekuwa na wastani wa nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi. Shida ni unene wake. Kabla ya viwanda, katika sehemu 1,000,000 za hewa, sehemu 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Mwaka 2024 zilipita 420. Zimetoka wapi? Neno lenyewe latuambia, kwa kuwa ukaa ni ndugu wa makaa. Mti hujenga mwili wake kwa kuivuta hewa hiyo, na ukichomwa huirudisha. Makaa ya mawe na petroli ni mabaki ya viumbe vya zamani mno, nazo nchi za viwanda ndizo zilizoyachoma kupita wote. Ng'ombe naye acheuapo hutoa methani, inasayo joto kwa nguvu zaidi.

Hewa ikizidi joto kwa nyuzi moja, yaweza kubeba mvuke zaidi, yapata sehemu 7 katika 100. Kwa hiyo hulinyonya lambo na shamba la pamba upesi, kisha huyamwaga maji yale kwa kishindo, yakachukua udongo.

Huko Shinyanga, tangu miaka ya 1920, vichaka vingi vilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye kwa ajili ya mashamba. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ikairudia desturi ya Wasukuma ya ngitili: malisho yafungwayo wakati wa mvua, yakafunguliwa kiangazi. Miti mingi haikupandwa. Visiki vilichipua vyenyewe vilipopumzishwa. Mwaka ule ngitili zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita 300,000, katika mkoa uliokuwa mpana kuliko wa leo. Kila mgunga uliochipuka umefungia hewa ya ukaa shinani na mizizini.

Asidanganywe mtu: ngitili haziwezi kufuta moshi wa viwanda vya ulimwengu. Lakini zenyewe zaweza kugeuka moshi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na Kahama wahitaji matimba ya kuzuia mashimo yasiporomoke, na miji iliyokua kando ya machimbo yahitaji mkaa wa kupikia. Mwenye ngitili akiletewa fedha mkononi, hesabu yake na iwe kamili: pamoja na bei ya gunia la mkaa, ahesabu nyasi za Septemba na Oktoba, kuni za nyumbani, asali, na miaka ambayo visiki vitahitaji ili kuwa miti tena.