Ingia, Inama, Uliza: Vidokezo 9 vya Kufaidi Kijiji cha Makumbusho

Watoto wa Dar siku hizi wanaziona kwenye simu zile bustani kubwa za michezo za ng'ambo, kama IMG Worlds of Adventure ya Dubai iliyofunguliwa 2016, ambako mtu akishaingia chini ya paa anajikuta katikati ya hadithi. Swali linalofuata kila mzazi wa Mbagala au Tegeta analijua: "Na sisi tutaenda lini?"

Nauli ya Dubai si ya kila mtu, ila pahala pa kuingia ndani ya hadithi papo hapa Kinondoni, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Kijiji cha Makumbusho kipo tangu 1967, na kimejaa nyumba za asili za makabila ya Tanzania, zenye ukubwa wa kuishi watu. Ukipita haraka haraka utatoka ukisema umeona vibanda vya nyasi. Ukijipanga, watoto watasimulia wiki nzima. Jipange hivi.

1. Taja jina kamili

Makumbusho ni jina la kata, la kituo na la stendi ya daladala. Tena kule Posta, Mtaa wa Shaaban Robert, kuna jengo la Makumbusho ya Taifa, ambalo liko chini ya taasisi hiyo hiyo. Kwa hiyo mwambie konda au bodaboda "Kijiji cha Makumbusho" asije akakushusha kwingine. Wa Mbagala na Gongo la Mboto, tafuteni daladala iliyoandikwa Makumbusho.

2. Chagua msimu na mavazi

Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, ndiyo miezi mizuri zaidi. Masika yakianza, njia za udongo huteleza. Vaa viatu vya kufunga, beba maji, na mtoto mchanga mbebe kwa mbeleko, maana milango mingi ni mifupi na myembamba. Weka salio kwenye simu na chenji mfukoni. Mwanafunzi amkumbushe mzazi kuchukua kitambulisho cha shule.

3. Omba mwongozaji

Usione ni gharama ya ziada. Nyumba peke yake haisemi kwa nini mlango umetazama upande ule, wala nani alilala karibu na moto. Mwambie mwongozaji mapema kwamba mmekuja na watoto na mna muda, asiwakimbize.

4. Anza kwenu, kisha nenda kwa watani

Uliza kama nyumba ya kabila lako ipo, uanzie hapo. Mtoto aliyezaliwa Temeke na hajawahi kufika Kagera au Iringa atapata jambo la kushika anaposikia mnataja "kwetu". Baada ya hapo nendeni kwa watani. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara ya kutoka bara kuja pwani. Waache watu wazima wataniane mbele ya watoto, kwa sababu utani hurithiwa kwa kusikika.

5. Inama, kaa chini, tulia

Hiki ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Wengi huchungulia mlangoni, hupiga picha na kuondoka. Wewe ingia. Katika msonge wa Wahaya, paa la nyasi linashuka hadi chini, na ndani kuna giza. Kaeni kimya mpaka macho yazoee, ndipo mtaanza kuona jinsi fito zilivyofungwa na jinsi nafasi ilivyogawanywa.

Kisha ulizeni maswali. Nyumba ya zamani ya Wachagga ilikuwa ya watu na mifugo pamoja: ng'ombe na mbuzi upande mmoja, familia upande mwingine. Kwa nini? Ardhi ya mlimani ilikuwa finyu, hivyo ng'ombe alifugwa ndani na kuletewa majani, na samadi yake ikarudi kwenye migomba ya kihamba, yaani shamba la nyumbani. Joto lake nalo liliwafaa watu usiku wa baridi ya Kilimanjaro. Na moshi wa jiko je? Huo ulikausha paa na kuwafukuza wadudu, nyasi zikadumu zaidi. Mtoto akielewa hayo atajua kwamba waliojenga walikuwa mafundi.

6. Chezeni mchezo wa paa

Simameni mbele ya nyumba, kila mmoja abashiri: wenyewe walitoka kwenye mvua nyingi au chache? Paa la msonge limesimama, maji yanateremka bila kutuama, kwa kuwa Bukoba mvua ni nyingi. Tembe la Wagogo lina paa bapa la udongo juu ya miti, na jengo zima ni fupi. Dodoma ni kukavu na kuna upepo, hivyo paa la namna hiyo linatosha. Tembe kubwa hujengwa kuzunguka ua, na ng'ombe wakalala katikati. Anayebashiri sawa mara nyingi zaidi achague soda ya kwanza mkitoka.

7. Wasimulie watoto kijiji cha watoto

Mkifika kwa Wanyakyusa, kaeni muda mrefu kidogo. Nyumba zao za mianzi zilimvutia sana msafiri Joseph Thomson alipopita nchi hiyo mwaka 1879. Jambo litakalowasisimua watoto ni hili: zamani wavulana wa Kinyakyusa wakifika miaka kumi hivi walihama kwa wazazi, wakajenga kijiji chao na wenzao wa rika moja. Waliendelea kula kwa mama zao, lakini walilala na kujitawala kwao. Mtafiti Monica Wilson aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, kilichotoka 1951. Waulize wanenu: mngepewa kijiji chenu leo, mngepanga sheria gani? Majibu yatawashangaza.

8. Njooni na bibi au babu, na msikose ngoma

Mwongozaji anajua mengi, lakini bibi aliyekulia kwenye nyumba ya udongo anajua harufu ya sakafu iliyosiribwa jana na mlio wa mvua juu ya nyasi. Mpeni shikamoo, mtafutieni kigoda, kisha mjukuu arekodi kwa simu wakati bibi anaeleza chombo kimoja kimoja: kinu, kibuyu, jiwe la kusagia. Kumbukumbu hiyo hamtaipata dukani.

Getini ulizeni pia siku na saa za ngoma, kwani ratiba hubadilika. Ikianza, msikae nyuma. Sindimba ya Wamakonde ni ya kuchezwa, na watoto hujifunza hatua upesi kuliko sisi. Wachezaji wakikukosha, inuka ukawatunze. Kabla ya kumpiga mtu picha ya karibu, mwombe ruhusa.

9. Malizieni Mwenge kwa wachongaji

Si mbali na hapo kuna soko la vinyago la Mwenge. Mtazameni fundi akifanya kazi kabla ya kununua. Mkitaka mpingo, chukueni kinyago mkononi: mpingo ni mzito kiasi kwamba hauelei majini. Kisha pitisheni kitambaa chenye unyevu, maana mti wa kawaida uliopakwa kiwi utaacha rangi. Mkikuta kinyago cha ujamaa, watu waliobebana juu kwa juu, mwacheni fundi aeleze nani ni nani.

Neno la mwisho kwa wakazi wa Dar. Wengi wetu tulifika Kijiji cha Makumbusho mara moja, na shule, tukiwa kwenye mstari, na hatukurudi tena. Nyumba za udongo na nyasi zinahitaji kukandikwa na kuezekwa upya kila baada ya muda, na kazi hiyo inapata nguvu pale wenyeji wanapolipa kiingilio, wanapouliza maswali na kurudi na ndugu zao. Wageni wanakuja kutoka mbali kuona tulivyoishi. Sisi tuna daladala ya moja kwa moja. Pangeni Jumamosi moja, mpigieni bibi simu mapema ajiandae, mwende.