Kwa Nini Mtu Huipenda Kazi Yake? Somo kutoka Namtumbo

Mwalimu anayepangiwa shule ya sekondari katika Wilaya ya Namtumbo hufika kwanza Songea, kisha hushika barabara ya mashariki iendayo Tunduru. Kutoka Songea hadi makao makuu ya wilaya ni mwendo wa kilomita zipatazo 70, na mara nyingi safari yake haiishii hapo. Baada ya miaka miwili au mitatu huwa mmoja wa watu wawili. Ama ameanza kuandika barua za kuomba uhamisho, ama amepanda migomba nyuma ya nyumba yake na hataki kusikia habari za kuondoka. Mishahara yao ni sawa, vyeti vyao ni vya daraja moja, na pengine wanafundisha shule moja. Ni kitu gani basi kilichowatenganisha?

Wengi watajibu upesi kwamba ni mshahara. Hebu tulipime jibu hilo kwa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sayansi anaijua: kitu kisichobadilika hakiwezi kuwa sababu ya tofauti iliyoonekana. Mshahara wa walimu wetu wawili haukutofautiana, kwa hiyo hauwezi kueleza kwa nini mmoja anakaa na mwingine anaondoka. Hii haina maana kwamba mshahara si kitu. Maana yake ni kwamba hatuna budi kutafuta zaidi.

Utafutaji huo una historia. Mwaka 1935 Mmarekani Robert Hoppock alichapisha kitabu juu ya kuridhika na kazi, baada ya kuwauliza watu wazima wa New Hope, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake wawili walitoa matokeo yaliyozusha mabishano makubwa zaidi. Waliwahoji wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh kwa swali jepesi sana: eleza wakati ulipoifurahia kazi yako kupita kiasi, kisha eleza wakati ulipoichukia kupita kiasi.

Majibu hayakuwa pande mbili za kitu kimoja. Waliposimulia furaha, watu walitaja kazi waliyoikamilisha, sifa waliyopewa, dhamana waliyokabidhiwa, na kazi yenyewe ilivyowavutia. Waliposimulia chuki, walitaja sheria za kampuni, msimamizi, hali ya mahali pa kazi, na malipo. Herzberg akatoa nadharia kwamba kinyume cha kutoridhika si kuridhika, bali ni kutokuwa na malalamiko tu. Kwa mfano wa kwetu, ukimjengea mwalimu nyumba nzuri utakuwa umeondoa manung'uniko yake, lakini hujampa bado sababu ya kuipenda hesabu anayoifundisha.

Nadharia hiyo inapendeza, na ndiyo sababu tunapaswa kuitilia shaka. Mwaka 1964 Victor Vroom alionyesha mahali palipo na udhaifu. Binadamu akisimulia mafanikio hujitaja mwenyewe, na akisimulia matatizo huwataja wengine. Mwanafunzi aliyefaulu husema, "Nilisoma sana", aliyeshindwa husema, "Mtihani ulikuwa mgumu." Yawezekana basi kwamba makundi mawili ya Herzberg hayakutoka katika kazi, bali katika njia iliyotumiwa kuuliza. Watafiti waliotumia njia nyingine hawakuyaona yakitengana waziwazi kama alivyodai. Walimu wa sayansi wangefanya vema kulitumia jambo hili darasani, kwa sababu ni mfano ulio wazi wa chombo cha kupimia kinachoacha alama yake juu ya kile kinachopimwa.

Turudi kwenye malipo. Mwaka 2010 Timothy Judge na wenzake walikusanya matokeo ya sampuli 92 zilizochunguzwa na watafiti mbalimbali. Waliona kwamba kipimo cha uhusiano kati ya kiasi cha malipo na kuridhika na kazi kilikuwa 0.15. Kipimo hiki hutoka −1 hadi +1, na 0 ni ishara ya kutokuwapo kwa uhusiano. Ukizidisha 0.15 kwa 0.15 utapata 0.0225, yaani tofauti za malipo zinaambatana na asilimia zipatazo mbili tu za tofauti za kuridhika. Lakini hapa nami nina neno. Sehemu kubwa ya uchunguzi wa namna hii imefanywa katika nchi tajiri, ambako mshahara mdogo bado hununua mkate. Pale ambapo mshahara hauufikishi mwezi mwisho, sioni sababu ya kuamini kwamba uhusiano ule ungebaki mdogo hivyo. Mwalimu aliyekuwa akifunga safari ya siku nzima kwenda mjini kuchukua mshahara, kisha akaambiwa arudi kesho, hakuhitaji nadharia ya kumweleza hasira yake. Nimewahi kuwa mwalimu huyo.

Jambo linaloumiza zaidi ya udogo wa malipo ni kutokuwapo kwa haki. J. Stacy Adams aliliandika hili miaka ya 1960: mtu hupima anachotoa na anachopata, kisha hulinganisha na mwenzake. Historia yetu ina ushahidi wake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Muda si muda migomo ikaanza viwandani, hasa Dar es Salaam, ikaendelea hadi mwaka 1973, ambapo wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa wenyewe. Paschal Mihyo, aliyeichunguza migomo ile, alieleza jinsi malalamiko mengi yalivyohusu mameneja wenye matusi na dharau. Walioacha mashine zao walikuwa na mishahara midogo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa na maandishi yanayosema kwamba dharau ni kosa.

Hadi hapa tumezungumza juu ya mambo yanayoizunguka kazi. Kazi yenyewe je? Richard Hackman na Greg Oldham, katikati ya miaka ya 1970, walitaja sifa tano: wingi wa ujuzi unaotumika, ukamilifu wa kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, umuhimu wake kwa watu wengine, uhuru wa kuamua, na habari za matokeo. Kila sifa hupewa alama 1 hadi 7. Tatu za kwanza hutafutiwa wastani, kisha wastani huo huzidishwa kwa alama za uhuru na alama za matokeo. Jumla kubwa kabisa ni 7 × 7 × 7, yaani 343.

Tumjaribu mkulima wa tumbaku ya moshi, zao ambalo Namtumbo imelilima kwa miongo mingi. Mkulima si mwajiriwa, lakini kazi yake inafaa kwa mfano. Yeye hupanda kitalu, huhamisha miche, huchuma majani, huyaning'iniza katika bani, hukesha akiuangalia moto usizidi wala usizimike, huyapanga kwa madaraja, kisha huyafunga marobota. Nakadiria ujuzi 6, ukamilifu 7, umuhimu 5: wastani ni 6. Uhuru 5, na matokeo 5, kwa kuwa rangi ya jani humwambia kila siku kama amefanya vizuri. Tunapata 6 × 5 × 5 = 150. Kwa mwalimu nakadiria 5, 4 na 6: wastani ni 5. Uhuru 5. Matokeo 2 tu, maana huyajua hasa matunda ya kazi yake wanafunzi wanapomaliza kidato cha nne. Jumla ni 50. Mkuu wa shule akiwa na desturi ya kuingia darasani na kuzungumza na mwalimu baadaye kwa heshima, matokeo yanaweza kupanda hadi 4, na jumla ikawa 100. Fedha haijaongezwa hata senti moja.

Tarakimu hizi ni za makadirio yangu, na msomaji ana ruhusa ya kubishana nazo. Tena kanuni yenyewe ina kasoro: uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kuzijumlisha tu sifa tano hutabiri vizuri sawasawa na kuzizidisha. Pia haina nafasi ya bei. Mkulima mwenye alama 150 anaweza kurudi nyumbani na uchungu siku ya soko, mteuzi akilipa robota lake daraja la chini kuliko la jirani ambaye majani yake anayajua. Hapo tumerudi kwa Adams.

Uhuru wa kuamua uliwahi kujaribiwa katika Wilaya ya Songea, wakati Namtumbo ilipokuwa bado sehemu yake. Namtumbo imekuwa wilaya tangu mwaka 2002. Kijiji cha Litowa kilianzishwa na vijana wa TANU mwaka 1960, na mwaka 1963 kikawa kiini cha Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Wanachama walijiunga kwa hiari, walipanga kazi katika mikutano yao, walikuwa na shule yao, na chama kilipata mashine ya kusaga na kiwanda cha kupasua mbao. Hadi mwaka 1969 vijiji vilikuwa vimefikia 17 hivi. Maisha yalikuwa magumu na mapato hayakuwa makubwa, lakini watu walikaa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama, na mali zake zikachukuliwa. Vijiji vilibaki na mashamba yale yale na majembe yale yale, ila maamuzi yalikuwa yamehamia mahali pengine.

Wanafunzi wanaweza kuifanya kazi ifuatayo bila gharama. Wachague watu 20 wanaofanya kazi karibu na shule: wauguzi, makarani wa chama cha msingi, walinzi, mafundi, na walimu wakikubali. Wasiandike majina. Kumi waulizwe kwa njia ya Herzberg, wasimulie siku njema na siku mbaya. Kumi wengine wapewe orodha ya mambo kumi, mshahara, nyumba na msimamizi yakiwamo, wayape alama 1 hadi 7. Watakaoulizwa kwa njia hii au ile wapatikane kwa kura. Kisha darasa lilinganishe nafasi ya mshahara katika makundi mawili. Ikiwa nafasi hizo zitatofautiana sana, wanafunzi wajadili kwanza kama tofauti imetoka kwa watu, kwa swali, au kwa bahati ya kura, kabla ya kuandika lolote juu ya kazi za Namtumbo.